Spika Mpya Hazitaponya Waya Mbovu: Barua ya Wazi kwa Baraza la Wazee wa Usharika

Kwa Mchungaji Kiongozi,
Mwenyekiti na wajumbe wa Baraza la Wazee,
Mhazini na Kamati ya Fedha na Mipango,
Usharika wetu, Dar es Salaam.

YAH: UTUNZAJI WA VYOMBO, MAZOEZI, NA MPANGO WA KUNUNUA SPIKA NNE

Bwana Yesu asifiwe, Baba Mchungaji. Shikamooni wazee wetu.

Hii ni barua ya nne kutoka kwetu, wapigaji, waimbaji na watu wa mitambo wa Kikundi cha Sifa na Kuabudu. Tatu za mwanzo zilipita njia yake: kwa mwenyekiti wa Kamati ya Muziki, kisha ofisini, kisha mezani kwenu. Jibu la maandishi hatujaliona, na la mdomo limekuwa lilelile, "tumepokea, tutaliangalia". Likiwa bado linaangaliwa, limetangazwa kanisani kwamba itafanyika harambee ya kununua spika nne kubwa kwa sababu sauti ya kanisa ni mbovu. Kwamba ni mbovu hatubishi, sisi ndio tunaoisikia kwa karibu kuliko wote. Ila ubovu hauko kwenye spika, na washarika watakaoombwa fedha wana haki ya kulijua hilo kabla bahasha hazijagawiwa. Ndiyo maana safari hii tunaandika hadharani.

Tuseme mapema, ili neno hilo lisije likazuia mengine: hatuombi posho. Wala hatutishii kugoma.

Kwanza tueleze Jumapili inaanzia wapi. Ibada ya kwanza ni saa 1 asubuhi. Ili kengele ikilia kila kitu kiwe tayari na kimya, mtu wa mitambo anatakiwa awe mlangoni saa 11 alfajiri. Anatandaza nyaya, anazibana kwa utepe wa gundi sakafuni kwenye njia ya wanaokwenda Meza ya Bwana asije bibi wa watu akajikwaa, anaunganisha, anawasha. Ndipo inafuata kupima sauti, na kuna mpangilio. Dramu ya mguu kwanza, kwa sababu ndiyo inayobeba chini. Gitaa la besi linawekwa juu yake mpaka viwili hivyo visikike kama kitu kimoja. Kisha kinanda, gitaa la solo, waimbaji mmoja mmoja, halafu wote. Maiki ya mimbari inakuwa ya mwisho, na hiyo hupimwa mtu akisoma andiko zima, si kwa "haloo, haloo, moja mbili". Anayesema haloo hupaza. Anayesoma hutumia sauti atakayoitumia mhubiri. Mambo yakienda vizuri, kazi hiyo inachukua dakika 40. Waya mmoja ukikataa, hesabu saa nzima, na hapo washarika wa kwanza wameshaketi wanasikiliza mluzi.

Utamu wake upo, na ni mkubwa, la sivyo pasingekuwa na mtu wa kuamka saa hiyo. Upo wakati wa matoleo, sebene linapoingia: besi na dramu ya mguu zimeshikana, mpiga kinanda ameutoa mkono wake wa kushoto asigombane na besi, solo iko juu kabisa kwenye nyuzi nyembamba, na foleni ya sadaka inasogea kwa mwendo wa dramu. Mpiga dramu macho yake yako kwa mtu wa mwisho kwenye foleni. Akifunga wimbo kabla yule mama hajafika kikapuni, amemtembeza kwa aibu mbele ya kanisa zima. Upo pia chini ya maombi, pale kinanda kinapotandaza sauti nyembamba na kubadilika taratibu, mpigaji akisikiliza pumzi ya anayeomba ajue "amina" inakaribia au ndiyo kwanza ameanza kuwaombea wagonjwa. Lakini dakika tamu kuliko zote ni ile ambayo hakuna anayepiga. Vyombo vyote vinaachia, pambio linabaki kwa washarika wenyewe, akina mama wa upande wa kulia wanashika sauti ya pili ambayo hakuna aliyewafundisha. Wapigaji wameweka mikono magotini. Kuifikia dakika hiyo kunahitaji wiki nzima ya kazi, na kazi hiyo ndiyo inayokwama kwa mambo haya saba.

1. Orodha ya nyimbo inafika Jumapili asubuhi

Wakati mwingine inafika ikiwa imeandikwa nyuma ya bahasha, nyimbo zikiwa na majina tu. Jina halitoshi. Wimbo una ufunguo wake, au ki kama tunavyotamka wapigaji, na ki hubadilika kwa anayeuongoza. Pambio ambalo mwanamume analiongoza vizuri kwenye G, dada akilichukua huenda akalitaka kwenye C au D. Tena koo la saa 1 asubuhi si koo la saa 4: wimbo uleule katika ibada ya kwanza mara nyingi unapaswa kushushwa nusu hatua au hatua nzima, la sivyo waimbaji wanapasuka kwenye kiitikio.

Wengi mtauliza, kwani kinanda hakina kitufe cha kuhamisha sauti? Kinacho, na ndicho kinacholeta ile hali ambayo baadhi yenu mmeiita "bendi kuchanganyikiwa". Wapiga vinanda wengi makanisani wamejifunza wakiwa kwenye C na hubonyeza kitufe hicho kupata ki nyingine. Akibonyeza kuongeza mbili, vidole vyake viko C lakini kinachotoka ni D. Gitaa la besi halina kitufe kama hicho. Mpiga besi akivitazama vidole vya mwenzake anapiga C, na kanisa linazisikia C na D kwa pamoja, sauti mbili zinazokwaruzana kama mlango wenye kutu. Wimbo ukiisha, kitufe kikisahauliwa bila kurudishwa sifuri, wimbo unaofuata nao umeharibika kabla haujaanza. Haya hurekebishwa mazoezini kwa dakika mbili. Jumapili yakitokea, hurekebishwa mbele ya watu wote.

Kwaya nazo zimo. Karatasi zao za do-re-mi zimeandikwa juu kabisa do ni ipi, ila mwalimu akianzisha kwa koo lake, do hiyo huangukia anapopenda, pengine katikati ya E na F, mahali ambapo kinanda hakina pa kubonyeza. Hapo mpigaji anahangaika ubeti mzima na lawama ni zake. Dawa ni ndogo: kinanda kitoe do kwanza, mwalimu aipokee.

2. Ufunguo mwingine, ule wa mlango

Tangu ufunguo wa kanisa uhamishiwe ofisini, mazoezi ya Alhamisi yamefutwa mara nyingi kuliko yalivyofanyika, kwa maelezo kwamba ofisi hufungwa saa 10 na kwamba mazoezi "yanamaliza LUKU", yaani umeme wa kulipia kabla. Tufanye hesabu. Kinanda, mikseri (meza ya kuchanganyia sauti), amplifaya ikiwa imefunguliwa kidogo, feni mbili na taa chache, tukikadiria kwa ukarimu, ni nusu kilowati. Kwa saa tatu ni uniti moja na nusu. Kwa bei ya umeme ilivyo, haifiki shilingi elfu moja.

Kufanya mazoezi nyumbani kwa mtu hakufidii, kwa sababu ukumbi wenyewe ni chombo. Kanisa letu lina urefu wa karibu mita 30. Sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde, hivyo pigo la dramu linafika viti vya nyuma baada ya karibu sehemu ya kumi ya sekunde. Walioko nyuma wanapiga makofi kwa walichosikia, na makofi yao yanarudi jukwaani yakiwa yamechelewa mara mbili ya hapo. Kwenye wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, hiyo ni theluthi nzima ya pigo. Mpiga dramu asiyeuzoea ukumbi huyafuata makofi, wimbo unaanza kuvuta miguu, mwisho unalala. Aliyeuzoea anajua kuyaacha makofi yaje nyuma yake. Hilo halifundishwi sebuleni.

3. Nyaya

Hapa tunaomba mtuvumilie, maana ndipo penye ugonjwa wenyewe.

Bendi yenye ukubwa wa yetu inahitaji nyaya 12 za maiki za mita 10, nyaya 4 za jeki kwa ajili ya magitaa na kinanda, na akiba ya tatu au nne. Zinazofanya kazi leo bila kutikiswa ni tano. Nyingine mnazisikia kila Jumapili bila kujua kuwa mnasikia waya.

Waya wa maiki ndani yake una nyuzi mbili zinazobeba sauti ileile, moja ikiwa kinyume cha nyingine, na ngao inayozizunguka. Mngurumo wa umeme unaoingia njiani huziingia nyuzi zote mbili sawasawa, na mikseri hujua kuufuta. Uzi mmoja ukikatika ndani ya plagi, sauti haikatiki. Inaendelea kutoka, ila dhaifu na ikiwa na mngurumo. Ndipo mtu anasema maiki imechoka, anaongeza geni (kitufe cha kukuza sauti inayoingia kwenye mikseri), mngurumo unaongezeka pamoja na sauti, spika zinaanza kupiga mluzi, na mwisho wa mwaka inaandikwa "maiki 2 zimeharibika, zinunuliwe nyingine". Maiki hizo zimekaa kabatini, ni nzima.

Ukitaka kuhakikisha, fungua plagi yenye pini 3. Pini 1 ni ya ngao, 2 na 3 ni za sauti. Mara tisa kati ya kumi utakuta uzi mmoja umeachia lehemu yake, kwa sababu waya ulivutwa kwa kushikwa mwilini badala ya kwenye plagi, au ulikunjwa kwa kuzungushwa kiganjani na kiwikoni kama kamba ya kuanikia nguo. Kukunja hivyo huusokota waya ndani mpaka unakatika. Unatakiwa kukunjwa kwa duara zinazopishana, moja kwa juu, moja kwa chini, kisha kufungwa kwa utepe na kutundikwa, usirushwe sandukuni. Kutengeneza plagi moja: kata sentimita 3, menya, lehemu, funga. Robo saa kwa fundi aliyetulia.

Vivyo hivyo kwa nyuzi za gitaa. Joto na chumvi ya hewa ya pwani huzila haraka, na uzi wenye kutu haushiki sauti, unautyuni kabla ya ibada na katikati ya wimbo wa pili umeshuka. Ngozi za dramu hupigwa mpaka zinabonyea katikati, na hapo hata mpigaji hodari atatoa mlio wa ndoo. Vitelezi vya mikseri hujaa vumbi na kukwaruza; vinataka dawa ya kupuliza ya kusafishia viungo vya umeme mara mbili kwa mwaka, na kitambaa cha kufunika mikseri siku za katikati ya wiki, hasa anapopita mfagiaji. Betri za maiki zisizo na waya ziwekwe mpya kila Jumapili, na zilizotolewa zipelekwe kwenye mazoezi. Mtindo wa sasa wa kuzitumia mpaka zizime husababisha zizime katikati ya mahubiri, kwa kuwa mahubiri ndiyo marefu.

Katika bajeti ya mwaka huu kuna kifungu cha kununua vyombo. Cha kuvitunza hakipo, hata shilingi.

4. Spika nne

Sasa tuone zikinunuliwa itakuwaje. Amplifaya yetu ina pande mbili, na kila upande umeandikwa nyuma yake kwamba usishuke chini ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme; ikipungua, mzigo wa amplifaya unaongezeka). Leo kila upande unaendesha spika mbili za omu 8, na mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba zinakuwa omu 4. Tumefika ukomo. Mkiongeza spika mbili kila upande, zinakuwa nne, na ukinzani unashuka hadi omu 2. Amplifaya itapata moto na kujizima, na ikiwa kinga yake ya ndani imechoka, itaungua. Ili spika hizo zifanye kazi inahitajika amplifaya ya pili, na tulipoisoma profoma, yaani karatasi ya bei ya muuzaji, iliyobandikwa ubaoni, amplifaya hiyo hatukuiona.

Hata mkiinunua, mtapata nini? Kuongeza nguvu ya umeme mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu za ukubwa wa sauti, ambazo mshirika wa viti vya nyuma ataziona ni kidogo sana. Kinachomfanya asisikie neno si uhaba wa nguvu. Spika zimewekwa sakafuni, kwa hiyo wa mstari wa mbele wanapigwa kifuani na wa nyuma wanasikia migongo ya wenzao. Juu kuna mabati, chini kuna vigae, pembeni kuta tupu; sauti inagonga na kurudi mpaka "Bwana" na "bwawa" ni neno moja. Spika zilezile mbili kila upande zikipandishwa kwenye stendi, vipaza vyake vidogo vikiwa juu ya vichwa vya watu waliosimama na vikiinamishwa kuelekea viti vya katikati badala ya ukutani, mtasikia tofauti siku hiyohiyo. Mapazia mazito ukutani nyuma yataongeza. (Mvua ikinyesha juu ya mabati hatuna dawa. Hapo ni kuimba tu.)

Tuongeze jambo la masikio. Kipimo kinachotumiwa sana na wataalamu wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda salama unapungua nusu: kwenye desibeli 100 ni dakika 15. Watoto wa Shule ya Jumapili huketi mkekani, hatua chache kutoka kwenye spika ya kushoto, kwa muda unaozidi huo. Na majirani tunao, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ipo, na wasimamizi wa mazingira wa serikali hawaulizi kama kelele ni za baa au za kanisa.

5. Umeme na jenereta

Kuna utaratibu ambao hauna mjadala. Kuwasha: vyombo na mikseri kwanza, amplifaya mwisho. Kuzima: amplifaya kwanza, mikseri mwisho. Ukigeuza, mshindo unaotoka kwenye mikseri unapita moja kwa moja mpaka kwenye spika, na vipaza vidogo vya juu ndivyo vinavyokufa kwanza. Umeme ukikatika ibadani, mlinzi kwa moyo mwema hukimbia kuwasha jenereta huku kila kitu kikiwa bado kimefunguliwa. Jenereta ikianza inayumba, volti zinapanda na kushuka kabla hazijatulia kwenye 230. Kinanda kilichoharibika adapta mara mbili hakikurogwa. Mlinzi aambiwe asubiri ishara ya mtu wa mitambo, dakika moja tu: amplifaya izimwe, jenereta iungurume mpaka itulie, ndipo umeme uhamishwe.

Mngurumo ule wa daima, hata pasipo mtu kuimba, chanzo chake kikubwa ni kinanda kuchomekwa kwenye soketi ya madhabahuni na mikseri kwenye soketi ya nyuma. Waya wa ardhi unapita njia mbili na kutengeneza mzunguko. Vyote vilishwe kutoka soketi moja kwa ekstensheni nene, na fundi umeme akague kama waya huo wa ardhi kweli umefika ardhini.

6. Mikono mingi kwenye mikseri

Hili ni la heshima, na tunalisema kwa heshima. Mzee wa zamu akiona sauti ndogo huja kupandisha. Mama mmoja akiona kubwa hutuma kijana ashushe. Baada ya ibada ya pili hakuna chaneli iliyoko mahali ilipowekwa alfajiri. Mluzi hutokea pale maiki inaposikia spika yake yenyewe, sauti inazunguka na kujiongeza. Kwa hiyo anayepandisha sauti ili "isikike vizuri" ndiye anayeuita. Pia anauita mwimbaji anayefumbata kichwa cha maiki kwa kiganja, na mhubiri anayeshuka madhabahuni na kusimama mbele ya spika. Wahubiri wageni waambiwe mpaka ulipo, tumeuweka alama ya utepe mweupe wa gundi sakafuni. Mwenye neno kuhusu sauti amwambie mtu wa mitambo, mmoja, naye asikilize akiwa ametembea mpaka katikati ya kanisa, si kutoka kwenye kona aliyowekwa chini ya ngazi ambako hasikii wanachosikia wengine.

7. Kuazimisha

Vyombo vinakwenda harusini na misibani, na ni sawa, ni vya kanisa. Vinarudi bila stendi, bila kifuniko, pedali ikiwa imefungwa kwa kamba ya katani. Liwepo daftari, sahihi mbili, na mtu mmoja wa bendi aende navyo.

Tunajua mtakayojibu, maana mengine tumeshaambiwa kwenye ngazi.

Kwamba huduma ni ya kujitolea. Ndiyo, sisi tumejitolea. Waya haujajitolea, wala betri.

Kwamba wazee wetu waliimba bila vyombo na Roho alishuka. Ni kweli, na tenzi bila vyombo ni tamu, tungefurahi zirudishwe mara moja kwa mwezi. Lakini hao wazee walifanya mazoezi ya sauti nne mara tatu kwa wiki, taa ya karabai ikiwaka, na hakuna aliyewafungia mlango. Na tukienda mbali zaidi, kitabu cha kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 25, kinahesabu waimbaji 288 waliofundishwa, kwa zamu zilizopangwa. Zaburi ya 33 inasema "pigeni kwa ustadi". Ustadi unataka ratiba.

Kwamba hakuna fungu. Fungu la spika limepatikana kabla hata ya harambee, kwa kuwa malipo ya awali yameshatolewa. Tulichoorodhesha katika hoja ya 3, chote kwa mwaka, ni sehemu ndogo ya bei ya spika moja kati ya hizo nne.

Kwamba vijana wanapenda makelele. Wapo, na tunao, na mpiga dramu anayepiga kwa nguvu ili ajisikie ni tatizo letu wenyewe, tunalishughulikia. Mara nyingi hujisikia hafifu kwa sababu monita yake, spika ndogo ya kumsikilizisha mpigaji mwenyewe, imekufa. Amesahau kwamba kanisa linamsikia.

Kwamba mambo haya si ya kuanika nje. Tungependa yasingefika huku.

Tunachoomba, kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, maana kuanzia hapo hadi mkesha wa Mwaka Mpya hakuna wiki ya kupumua:

(a) Ununuzi wa spika usimamishwe mpaka fundi sauti wa nje, asiye muuzaji, aje aukague ukumbi na vyombo na kuandika taarifa yake. Taarifa isomwe kanisani.

(b) Kiwepo kifungu cha matengenezo katika bajeti, kikitolewa kila robo mwaka kwa orodha na risiti. Tuko tayari kukaguliwa na Mhazini wakati wowote.

(c) Orodha ya nyimbo, ya ibada na ya kwaya, itufikie Jumatano jioni ikiwa na ki, mwendo, na jina la anayeanzisha. Mabadiliko ya Jumapili yawe wimbo mmoja, usiozidi huo.

(d) Ufunguo wa kanisa uwe na nakala kwa mtu mmoja wa bendi atakayeandikishwa, kwa mazoezi ya Alhamisi saa 11 jioni na Jumamosi saa 9 alasiri.

(e) Mtu mmoja wa mitambo kwa kila ibada, jina lake libandikwe, meza yake ihamishiwe katikati ya ukumbi, na asiwepo mwingine wa kugusa mikseri.

(f) Mwakilishi mmoja wa bendi akae kwenye Kamati ya Fedha na Mipango pale tu linapojadiliwa jambo la vyombo.

Sisi kwa upande wetu tumeshaanza. Plagi tisa zimelehemiwa wiki hii, vyombo vyote vimeandikwa kwenye daftari pamoja na hali yake, na vijana wanne wa Kipaimara wanafundishwa kukunja waya, jambo ambalo wameliweza haraka kuliko sisi.

Tunaomba jibu la maandishi. Jumapili ijayo tutakuwa mlangoni saa 11 alfajiri kama kawaida. Aliye na ufunguo tunamwomba afike saa hiyo.

Wenu katika huduma,
Wapigaji, waimbaji na watu wa mitambo,
Kikundi cha Sifa na Kuabudu.

Nakala:
Kamati ya Muziki
Walimu wa kwaya zote
Ubao wa matangazo, kando ya profoma